Ilani ya Wakusanyaji wa Kanda za Usiku

Ndugu zetu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo, wa Makunduchi, Bumbwini na Nungwi, nyote mliowahi kuweka redio kaseti chini ya kiti cha mpiga fidla: zama za makabati yenye kufuli zimekwisha. Zama za kunakiliana zimefika.

Tunaamini taarabu ni usiku mzima. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri ya HMV, na sauti yake ikaenea pwani yote. Tunamheshimu kwa hilo. Lakini upande mmoja wa sahani ya santuri ulibeba dakika tatu na kidogo, na wimbo wa ukumbini hauishi kwa dakika tatu. Ukumbini mama anainuka kutunza, noti mkononi, anajongea kwa madaha. Mwimbaji amemwona, anaurudia ubeti uleule kwa mkazo, na kila aliyekaa anajua umemlenga nani. Hayo yaliingia kwenye kaseti ya dakika 90, kwa mkono wa kijana aliyejibanza karibu na spika akihesabu muda wa kugeuza upande.

Tunakataa studio iamue kipi kidumu. Kidumbaki, kwa sanduku lake, vigoma vyake na fidla isiyopumzika, kimekesha kwenye harusi za Unguja miaka nenda miaka rudi. Anayetaka kukisikia kilivyopigwa hasa atakikuta kwenye kanda za harusi, pamoja na vigelegele, watoto na mngurumo wa jenereta. Hatutaufuta mngurumo huo.

Tunakataa kanda kufungiwa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka, na mji mzima ukalia. Lakini kanda hufa bila kishindo. Tumezifungua: ukungu mweupe kama unga, utepe umegandana, na juu ya karatasi wino bado unasomeka, "Harusi. Upande B." Harusi ya nani? Ameimba nani? Aliyejua amekwisha kuzikwa.

Tunaamini nakala ndiyo hifadhi. Usiku mmoja ukiwa na nakala Vuga, nyingine Chake Chake, nyingine kwa jamaa Maskati, unyevu wa masika hauwezi kuzimaliza zote. Kwa hiyo tunabadilishana, hatuuziani: usiku wa Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, kwa usiku wa kikundi cha Culture. Nakala ya kwanza inarudi kwa kikundi chenyewe au kwa wana wa mwimbaji, na wakisema isitoke, haitoki. Jina la mtunzi, la mwimbaji, la mpiga ganuni, mahali na mwaka vitasafiri pamoja na sauti.

Tunaamini binti wa Jang'ombe anayejifunza fidla atausikia wimbo mmoja katika harusi tatu za miaka mitatu tofauti, na atajua mahali fundi alipobadili mkono. Mwimbaji Bi Kidude alituacha Aprili 2013. Binti huyo atamsikia akiimba nyumbani kwa watu, baina ya wanawake wanaomjua, akivuta pumzi kabla ya ubeti. Hatamhitaji mlinzi wa ufunguo.

Ndugu, kanda ziko juu ya makabati ya mama zenu. Msizitie kwenye mashine kwa pupa zikatafunwa. Zungusheni kwa penseli kwanza, polepole. Muulizeni mama majina yote, myaandike palepale. Kisha mje nazo.