Kijani cha Jani la Mwembe? Hapana, Asante

Jamani, tusidanganyane. Kile kijani kilichokolea, rangi ya jani la mwembe, ambacho kila mtu anakipigia video siku hizi, kwa nyumba zetu za huku Waa hakifai. Nimesema. Njooni mnitukane.

Shida ni mwanga. Video zile nyingi zimepigwa kwa vyumba vyenye vioo kutoka sakafuni mpaka juu. Sasa leta rangi hiyo kwa chumba cha mawe ya matumbawe: dirisha moja dogo, nondo, wavu wa mbu, na nje mwembe wenyewe umelalia mabati. Mwanga ukiingia ushapita kwa majani, ni wa kijani tayari. Ongeza kijani kizito kuta nne, saa kumi jioni unawasha taa. Na tokeni za stima nani ananunua?

Kwetu hii si story ya urembo tu. Chumba ni cha bibi, na bibi ana mtoto wa jicho. Binamu yangu anataka jani la mwembe. Mimi nataka kijani cha ndani ya tango, kile chepesi kinachorudisha mwanga chumbani. Binamu ana hoja moja ya maana: swichi nyeupe inaonekana haraka kwa ukuta mzito. Kweli kabisa. Basi tupige rangi nzito kuizunguka swichi, na kwa fremu ya mlango, ukuta mwingine wote ubaki mwepesi. Hapo bibi anaona swichi na pia anaona anakokanyaga.

(Kuna kijani cha tatu, kile cha duka la M-Pesa. Usiguse. Watu watabisha hodi wakitaka kutoa pesa.)

Na kadi ya rangi ya dukani usiiamini. Kipande kidogo kama kidole kinaonekana chepesi, kikienea kuta nne kinakolea. Nunua kopo dogo, paka kipande kikubwa cha boksi mikono miwili, kiache kikauke, halafu kihamishe ukuta hadi ukuta. Kiangalie asubuhi, adhuhuri, na usiku chini ya balbu unayotumia. Balbu ya manjano inageuza kijani kabisa.

Boksi zetu mbili ziko ukutani wiki hii. Bibi ndiye ataamua, na mpaka sasa anauliza kwa nini tusipige chokaa.