Mashahidi wa Uganda waigizwe kama walivyokuwa

Kila Juni 3 inapokaribia, vijana na watoto wa parokia nyingi za Singida hushinda uani mwa kanisa jioni wakijifunza igizo la Mashahidi wa Uganda. Tunaliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Katika vigango vya mbali, ambako kitabu cha historia ni adimu, igizo ndilo darasa. Mtoto akiona jambo jukwaani akiwa na miaka minane, atalibeba mpaka uzeeni. Ndiyo maana tunasema: igizo likikosea, kosa hilo halifutiki kirahisi.

Mwaka juzi tuliketi kwenye benchi la kigango kimoja cha mkoa huu tukitazama. Kabaka Mwanga, mfalme aliyewaua mashahidi, alitoka na ngozi ya mbuzi begani, usinga mkononi na majivu usoni, akinguruma kwa lafudhi ya wazee wetu. Mashahidi walivaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi. Ilipofika zamu ya Kizito, mmoja wa mashahidi hao, hakuchomwa moto. Alitupiwa simba, vijana wawili ndani ya gunia lililopakwa udongo. Bibi mmoja akamuuliza mjukuu wake, "Huko Uganda kulikuwa na simba?" Mtoto akajibu bila kusita, "Ndiyo, bibi, wa Warumi."

Mtoto yule hana lawama. Alijibu alichofundishwa.

Hebu tuseme yaliyotokea. Mwanga alirithi kiti mwaka 1884, na mwaka 1886 alikuwa kijana wa miaka kama 18, rika la hao wanaomwigiza. Hakuwa mganga wa porini. Alikuwa mfalme mwenye baraza, waziri mkuu na ikulu ambamo kanzu ya pwani ilikwisha kuzoeleka. Alikuwa na hofu. Wajerumani walikuwa wanajitwalia nchi huku kwetu, na Askofu James Hannington alikuwa anaingia kwa njia ya Busoga, upande wa mashariki ambako Waganda waliamini adui wao angetokea. Hannington aliuawa Oktoba 1885. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi mkubwa wa ikulu, alimkanya Kabaka kwa ajili ya kifo hicho, na tarehe 15 Novemba mwaka huo naye akauawa. Kulikuwa pia na hasira ya mfalme dhidi ya vijana waliomkatalia matakwa yake ya kimwili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohalalisha damu iliyomwagika. Lakini mtazamaji akimwona kijana mwenye madaraka na hofu, ataelewa mauaji yanavyoanza. Akioneshwa shetani mwenye majivu, hataelewa kitu.

Jambo la mavazi linatuuma zaidi. Kila muuaji wa Wakristo anapovishwa mavazi ya babu zetu, watoto wa Kinyaturu na wa Kinyiramba wanafundishwa kwamba babu yao ndiye aliyemuua Kizito. Si kweli. Mashahidi wenyewe walikuwa Waafrika waliokulia katika nguo za magome ya miti, sawasawa na waliowaua.

Tazama Mukajanga, mkuu wa wauaji. Kwenye maigizo yetu kazi yake ni kunguruma tu. Lakini miongoni mwa waliohukumiwa alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana aliyemlea kama mwanawe. Mukajanga alimsihi aikane imani, au angalau akubali kufichwa. Mbaga akakataa. Mwisho Mukajanga akaagiza kijana apigwe shingoni kwanza ili asiungue akiwa hai, kisha mwili wake ukafungwa ndani ya matete na kuwekwa motoni pamoja na wenzake. Hii ndiyo historia yenyewe, haikuongezwa chumvi. Mpeni kijana wenu mwenye kipaji aigize baba anayembembeleza mwanawe hadi dakika ya mwisho, mwone kama kuna atakayehitaji simba.

Wanaoachwa nje nao ni wengi. Wakatoliki waliotangazwa watakatifu mwaka 1964 ni 22, na Waanglikana waliouawa kwa sababu hiyohiyo ni 23. Wengi wao walikufa bega kwa bega, lakini kwenye igizo kila dhehebu linabaki na wa kwake. Si wote waliochomwa, wala si wote waliofia Namugongo, palipowashwa moto ule: Andrea Kaggwa aliuawa Munyonyo, na Matia Mulumba alikatwakatwa akaachwa afe taratibu Kampala. Mulumba huyo alipitia Uislamu, kisha Uprotestanti, kabla ya kuwa Mkatoliki. Na miaka kama kumi kabla ya mauaji hayo, wakati wa Kabaka Muteesa, vijana Waislamu wapatao 70 waliuawa kwa kushika dini yao. Katika mkoa ambao familia moja ina Hamisi na Yosefu mezani, kumwingiza Mwislamu jukwaani kama mchochezi tu ni kuvunja ujirani kwa jambo ambalo ni nusu ya habari.

Kuhusu Warumi tutasema kidogo. Kaisari Nero alikufa mwaka 68, na uwanja mkubwa wa Koloseo ulifunguliwa mwaka 80, kwa hiyo Nero hakumtupia mtu simba humo. Anayetaka mashahidi wa zamani zile anao Perpetua na Felista wa Karthago, Afrika ya Kaskazini, waliouawa mwaka 203. Mmoja alikuwa mama anayenyonyesha, mwingine mtumwa aliyejifungua gerezani.

Tunajua jibu tutakalopewa: igizo ni igizo, cha muhimu ni imani. Basi na tumwigize Liti, shujaa wa Wanyaturu, akipigana na Wajerumani kwa bunduki. Hakuna Mnyaturu atakayekubali. Silaha ya Liti ilikuwa nyuki, na wazee wangesimama hapohapo kusahihisha. Tunawaomba makatekista, walimu wa kwaya na viongozi wa vijana Wakatoliki (VIWAWA) wawe na wivu huohuo. Maneno ya igizo yapitiwe na padre au mwalimu wa historia wiki mbili kabla. Palipobuniwa, msimulizi aseme pamebuniwa.

Tena ipo sehemu ya habari hii ambayo hatujaiona ikiigizwa popote mkoani, na ilitokea jirani. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa akakimbilia kusini mwa ziwa, na hatimaye akapokewa katika misheni ya Bukumbi, Mwanza, siku moja tu kwa basi kutoka Singida. Waliompokea ni wamisionari wa shirika lilelile lililowaletea imani vijana Wakatoliki aliowachoma. Aliyeongoza vita vya kumrudisha kwenye kiti ni Honorat Nyonyintono, Mkatoliki ambaye Mwanga huyohuyo alimhasi mwaka 1886. Nyonyintono alifia vitani mwaka 1889, akimpigania. Parokia itakayoiweka jukwaani mwaka huu itualike. Tutakuja mapema tukae mbele.