Mdomo umeshonwa, pua je?

Wasomaji wangu, kila kambi ya upasuaji wa mdomo sungura ikiisha tunaletewa picha za kabla na baada, tunapiga makofi. Sawa, ni kazi njema. Lakini mbona hakuna anayeuliza habari ya pua?

Mdomo ukipasuka upande mmoja, pua nayo huvutwa: tundu linalala, gegedu linapinda. Daktari huweza kuinyoosha kiasi wakati anashona mdomo, mtoto akiwa na miezi mitatu hivi. Ila uso unakua, na pua inaweza kupinda tena. Marekebisho ya mwisho husubiri uso ukomae, miaka 16 hadi 18.

Sasa mwambieni hayo kijana wa Ujiji! Asubiri miaka yote hiyo, kisha atafute nauli ya kwenda Bugando kule Mwanza, au Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Na msiniambie eti ni urembo. Pua iliyopinda ndani huziba pumzi.

Ninachodai ni kidogo: kila mtoto wa Kigoma aliyeshonwa aandikwe kwenye daftari pale Maweni, aitwe umri ukifika, na nauli yake ihesabiwe kuwa ni matibabu. Bila hivyo, jamani, tunashangilia kazi nusu.