Kuuguza si Kulinda

Mwanafunzi akivunjika mguu mjini Lubumbashi, habari inafika Kasapa kabla ya yeye kufika hospitalini. Jioni ya kwanza chumba kinajaa. Wenzake wanaingia wakisema pole, wanaketi ukingoni mwa kitanda, wanasali, wanaacha machungwa na franka kidogo. Hakosekani mmoja wa kusimulia habari za jirani aliyevunjika pale pale akafa. Kisha wanasimama wote kwa pamoja, kama walivyoingia. Wiki ya pili wanakuja nusu yao. Wiki ya tano mgonjwa anahesabu misumari ya mabati.

Silalamiki kwamba watu hawaji. Sisi Wakongomani tunakuja, na katika jambo hilo hatuna wa kutufundisha. Hospitali zetu nyingi hazimpikii mgonjwa. Ndugu zake ndio wanaolala kando ya kitanda, wanafua, wanapika uani. Ninachouliza ni tunafanya nini tukishafika. Naona tumejifunza vizuri sana kumwonea mgonjwa huruma, lakini kumrudisha katika maisha tunamwachia yeye mwenyewe.

Wenzangu wa idara ya lugha za Kiafrika watanielewa nikianzia kwenye kitenzi. Kutoka kupungua tunapata kupunguza, kutoka kuungua tunapata kuunguza: kiambishi kile kile, maana ile ile ya kusababisha. Kwa kanuni hiyo, kuuguza kungekuwa kumfanya mtu augue. Lakini hakuna anayeelewa hivyo. Kuuguza ni kumhudumia aliyekwisha kuugua. Katika lugha nyingi kauli ya kutendesha hubeba pia maana ya kusaidia na ya kutenda pamoja. Ukimvusha mtoto mto, nawe unavuka. Mimi nalisoma neno letu kwa njia hiyo: anayeuguza anamsaidia mwingine kuugua, anapita naye. Kifaransa tunachosikia kila siku wodini kina neno lake, garde-malade, yaani mlinzi wa mgonjwa. Mlinzi anasimama mlangoni. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichomo ndani hakiguswi wala hakisogei.

Mimi nililindwa wiki 3. Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza, pikipiki ya abiria iliteleza kwenye udongo mwekundu uliomwagika juu ya lami, na mfupa wa muundi ukavunjika. Daktari alikataza nisiukanyage mguu kwa wiki 6. Agizo lilihusu mguu mmoja, lakini wote walionizunguka walilisikia kama agizo la mwili mzima. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, watu wawili wanasimama. Nikisema nataka kuosha sahani yangu nikiwa nimeketi, naambiwa, "Tulia, wewe ni mgonjwa." Walisema kwa upendo, na upendo huo sikuutilia shaka hata siku moja. Ila mtu wa miaka 24 aliyenyang'anywa kila kitu isipokuwa kumeza dawa anaanza kujiona kama mzigo uliowekwa kitandani, ukingoja wenye nao.

Aliyebadili mambo hakuwa na nia ya kunifariji. Alikuwa na haraka. Ni rafiki yangu wa mwaka mmoja nami, tuliyepanga naye nyumba moja, na siku hiyo zamu ya kupika ilikuwa yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, makala yamelowa, mbabula inatoa moshi tu pale mlangoni. Akaniwekea ungo wa maharage mapajani bila kuniuliza, akasema, "Toa mawe." Basi.

Anayejua maharage yanayouzwa kwa kopo sokoni anajua pia kwamba mawe yake hufanana nayo kwa rangi na ukubwa. Jicho halitoshi, lazima kidole kikumbuke. Unasukuma mafungu madogo madogo, unasikia kipi ni kizito, kipi ni baridi. Kwa karibu saa nzima sikuufikiria mguu. Usiku tulipokula na bukari, hakuna aliyeuma jiwe, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko machungwa yote niliyoletewa. Nililala.

Baada ya hapo zilikuja kazi nyingine, zote ndogo: kumenya karanga za kutia katika sombe, kuchuma majani ya lenga-lenga na kuacha vikonyo, kushika simu ya mtu ikichajiwa kwa betri na kumjibia. Mama jirani, aliyekuwa akiniletea sombe iliyokwisha kuiva katika bakuli lenye kifuniko, aligundua kwamba nilikula zaidi alipokuja kuimalizia mlangoni kwetu na kuniuliza kama mawese yanatosha. Chakula chenye kifuniko kinashibisha, sikatai. Lakini harufu ya karanga zinazoanza kushika, na mtu kukuomba uonje chumvi kwa sababu anataka kweli kujua, hivyo havifunikwi vikaletwa.

Kazi kubwa kuliko zote ilitoka kitivoni. Rafiki mwingine alikuwa amerekodi hadithi za bibi yake kwa Kisanga, saa nyingi za sauti, na hakuwa na muda wa kuzinukuu. Alijua Kiluba ni lugha ya nyumbani kwetu. Guthrie aliziweka lugha hizi mbili katika kundi moja, Kiluba L33 na Kisanga L35, na kweli sikio langu lilihitaji siku chache tu. Sote tunajua unukuzi ulivyo: dakika moja ya bibi inakula saa nzima ya mjukuu. Unarudia neno moja mara 10 ili ujue kama silabi ya pili iko juu au chini. Anayesema Kiswahili tu hana shida hiyo, maana Kiswahili hakitofautishi maneno kwa toni. Kwetu sisi alama moja ikikosewa, neno linageuka lingine. Nilikuwa naandika kwa penseli, ubao juu ya plasta. Rafiki huyo alikuja kila Jumamosi kuchukua kurasa, na alikuwa ananibishia toni zangu kwa ukali. Hakusema pole hata mara moja. Namshukuru.

Nilipoyasimulia haya mbele ya wenzetu, msichana mmoja wa darasa letu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Alinikumbusha kwamba yeye alipasuliwa tumbo mwaka uliopita na akarudishwa nyumbani kwa wazazi. Siku ya tatu, ungo wa mchele ulikuwa umeshamfikia mapajani. Siku ya sita, mtoto wa dada yake. Hakuna aliyemwambia tulia. "Wewe maharage ni dawa," aliniambia, "mimi maharage ni maharage."

Neno hilo limenikaa, na sidhani kama naweza kulijibu lote. Ni kweli kwamba mvulana akitoa mawe katika maharage watu wanamsifu, hata jirani anaitwa aje kuona. Msichana akifanya vilevile akiwa na mshono tumboni, hakuna anayeona kitu. Kwa hiyo ninaposema tuwape wagonjwa kazi, nisieleweke kwamba natafuta njia ya kuwarudisha dada zetu jikoni kabla nyuzi hazijatolewa. Tofauti, nadhani, iko kwenye nani anaweza kuuweka ungo chini. Mimi ningeweza kuuacha wakati wowote, na usiku tungekula mkate. Yeye angeuacha, nyumba nzima ingelala njaa na lawama ingekuwa yake. Kazi ndogo inafariji pale ambapo mtu ana ruhusa ya kuikataa. Kwake yeye, kuuguzwa kungeanza kwa mtu mwingine kuupokea ungo, na labda kumpa penseli.

Kuna jibu jingine nililosikia, la wanaosema kwamba kupumzika nako ni tiba. Sina ugomvi nalo. Mfupa una ratiba yake na hauharakishwi na karanga. Lakini wanaosema hivyo mara nyingi wanachanganya mguu na mtu. Mguu upumzike.

Haya ningeyaacha nyumbani kama hayakihusu kitivo chetu, na yanakihusu. Kila mwaka tuna wenzetu wanaoanguka, wanaopasuliwa, wanaogongwa barabarani, na katika mfumo huu wa mihula miezi 2 ya kulala yatosha kumpotezea mtu mwaka. Tunamchangia fedha, tunamnakilia silabasi, tunamwambia apone kwanza ndipo arudi. Mwalimu anamwambia vilevile, kwa wema. Matokeo yake ni kwamba anarudi akiwa mgeni: majina ya dhana mpya hayajui, wenzake wanacheka utani ambao hakuwepo ulipozaliwa, na yeye anaanza kuketi nyuma karibu na mlango. Baadhi hawarudi.

Naomba walimu wetu wafikirie jambo dogo. Rekodi ambazo hazijanukuliwa tunazo, za kazi za utafiti za waliotutangulia. Orodha za maneno zinazongoja kupangwa kialfabeti tunazo. Mwanafunzi aliyelala anaweza kupewa kurasa 5 kwa wiki, si kama mtihani wala adhabu, na akichoka azirudishe bila maelezo. Pawe na mtu wa kuzichukua, azisome kweli, na aziandikie makosa kwa kalamu nyekundu kama anavyomwandikia yeyote. Kalamu nyekundu ni muhimu. Mgonjwa anatambua haraka sana kazi aliyopewa ili anyamaze.

Na wakati hilo linafikiriwa, kuna mwenzetu wa mwaka wa pili ambaye mkono wake wa kushoto uko katika plasta tangu wiki iliyopita. Mkono wa kulia ni mzima na Kibemba ni lugha ya mama yake. Hadithi za bibi zimekwisha, lakini zimebaki kadi za msamiati karibu 300 ambazo zinahitaji tafsiri ya Kibemba kando ya Kisanga. Nimemuuliza kama anazitaka, naye amesema apewe kwanza 20. Wanaokwenda kumwona Jumamosi wapitie kwangu wazichukue. Wabebe na makala. Kwake mbabula ipo.