Mfuko wa Unga Wenye Huzuni

Watoto wetu wakiona sinema za katuni hucheka, na mara hulia. Picha hizo hupitishwa 24 kwa kila sekunde, hata zikaonekana kutembea. Lakini mzazi hushangaa: mtoto analiaje kwa ajili ya mnyama wa kuchorwa, asiye na damu wala nyama?

Jibu tuwaulize wachoraji. Katika karakana ya Walt Disney huko California, Marekani, mchoraji aliyeanza kazi alijaribiwa kwa kuchora mfuko wa unga uliojaa nusu. Mfuko hauna macho wala mdomo. Hata hivyo ilimpasa auonyeshe ukiwa na furaha, tena ukiwa na huzuni. Wa furaha hujinyosha, pembe zake za juu zikainuka kama mikono. Wa huzuni huinama, tumbo limelegea, pembe zimeshuka. Aliyeweza kuupa mfuko moyo, hakushindwa kumpa mnyama.

Ndivyo alivyotokea Dumbo katika sinema ya mwaka 1941. Ni mtoto wa tembo mwenye masikio makubwa mno, wala hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho. Kichwa chake ni kikubwa, macho ya mviringo, mwili mfupi mnene, kama mtoto mchanga. Ndiyo maana tukimwona tu twamhurumia. Mchoraji wake, Bill Tytla, alijifunza kwa kumtazama mwanawe mdogo nyumbani. Mama yake Dumbo alipofungiwa ndani ya gari, alipitisha mkonga kati ya vyuma, akampakata mwanawe na kumbembeleza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba yule mama anampenda.

Basi, ikiwa mfuko wa unga waweza kusema kwa umbo lake, miili yetu je? Juma lililopita binti yangu alirudi kutoka shuleni, akaniletea daftari lake nilione. Mimi nilikuwa nanoa jembe. Nikasema, “Vizuri, mwanangu,” lakini macho sikuyainua, na mgongo wangu ulikuwa umemwelekea. Alilifunga daftari polepole, akaenda zake, mabega yameshuka. Nikaukumbuka ule mfuko.

Neno langu lilikuwa zuri, lakini mtoto hakulisikia, alisoma mgongo. Nikaliweka jembe chini, nikamwita, nikaketi naye kibarazani, tukafungua ukurasa mmoja mmoja. Mabega yale yakainuka yenyewe.

Wazazi wenzangu, mtoto hujua kusoma mwili wa mama na baba kabla hajajua kusoma herufi. Jioni ya leo akija na habari yake, hata kama ni ndogo, mgeukieni kwanza, ndipo mseme.