Miwani ya kuleta usingizi: Ni tiba au utulivu wa muda?

NI saa nane usiku. Nyumba nzima imelala, lakini mtu mmoja angali macho, akihesabu saa zilizosalia kabla ya kwenda kazini. Hali hiyo inapojirudia angalau siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na kuvuruga shughuli za mchana, madaktari huiita ukosefu sugu wa usingizi.

Watu wazima wenye tatizo hilo sasa wanaelezwa habari za miwani ya uhalisia pepe. Mgonjwa huivaa kabla ya kulala, akajiona yupo ufukweni au msituni, huku sauti ikimwongoza kupumua polepole. Hoja ya watafiti inaeleweka: asiyelala mara nyingi huwa na mwili na akili vilivyo katika tahadhari, na pumzi za taratibu husaidia kuvituliza.

Wanaoikimbilia hawapaswi kubezwa. Aprili 2019, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliagiza onyo kali liwekwe kwenye baadhi ya dawa za usingizi, ikiwamo zolpidem, baada ya taarifa za watu kuumia na hata kufa wakitembea usingizini.

Hata hivyo, kutulia si lazima kuwe kupona. Mwongozo wa Chama cha Tiba ya Usingizi cha Marekani (AASM) wa mwaka 2021 uliipa uzito mkubwa tiba ya kubadili fikra na tabia. Humo mgonjwa huamka saa ileile kila siku, hupunguza muda wa kukaa kitandani, huondoka kitandani usingizi ukigoma, na hujifunza kutouogopa usiku. Kutuliza mwili ni sehemu moja tu ya tiba hiyo, na ikitumika peke yake mwongozo uliipa uzito mdogo.

Ni kweli kwamba Novemba 2021 FDA iliidhinisha kifaa cha uhalisia pepe kiitwacho EaseVRx. Lakini idhini hiyo, iliyotanguliwa na jaribio la watu 179, ilihusu maumivu sugu ya mgongo. Kwa upande wa usingizi, majaribio mengi yamekuwa ya watu wachache na ya muda mfupi.

Tatizo, basi, si teknolojia yenyewe. Mei 2022, taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza Sleepio, programu ya intaneti inayomfundisha mgonjwa tiba hiyo ya fikra na tabia, itumike badala ya dawa za usingizi. Uzito wake umo katika tiba inayoibeba, si katika uzuri wa picha.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua pochi, mnunuzi aulize: miwani hii itanifundisha kulala, au itanionyesha bahari tu? Na anayekoroma na kukatika pumzi usingizini aanze kwa daktari. Ugonjwa huo hautibiwi kwa mandhari ya ufukweni.