Msaada Mwema Uwanjani

Ndugu vijana, mwenzako anapochokozwa mbele ya macho yako, umsaidieje? Wengi wetu hujibu kwa mkono kabla ya kujibu kwa kinywa, na baadaye twasema: nilikuwa namtetea rafiki. Jibu hilo lastahili kupimwa, na kipimo chake nimekiona katika mashindano ya mpira wa kikapu ya wanawake wa vyuo vikuu, yaliyofanyika Marekani mwezi wa Machi 2024.

Mashindano hayo ni ya Southeastern Conference, kwa kifupi SEC, shirikisho ambalo mwaka ule lilikuwa na vyuo 14, vingi vikiwa vya kusini-mashariki mwa nchi ile. Kuanzia tarehe 6 hadi tarehe 10, timu zilikutana katika mji wa Greenville, jimbo la South Carolina, na kila iliyoshindwa mara moja ilirudi nyumbani. Bingwa hupewa nafasi ya moja kwa moja katika mashindano ya taifa ya NCAA, yenye timu 68; wengine hungoja uamuzi wa kamati. Ukumbi wenyewe unaitwa Bon Secours, jina la hospitali zenye asili katika shirika la masista lililozaliwa Paris mwaka 1824. Sisi tuliosoma Kifaransa twajua maana yake: msaada mwema.

Siku ya nusu fainali, Chuo Kikuu cha South Carolina, ambacho hakikuwa kimeshindwa hata mara moja msimu ule, kilikuwa nyuma ya Tennessee kwa 73 kwa 71, na muda uliosalia ulikuwa sekunde moja tu na chembe. Mpira ukamfikia Kamilla Cardoso, binti wa Brazili mwenye urefu wa mita mbili, ambaye katika miaka yake yote ya chuo hakuwahi kufunga mtupo wa pointi tatu. Akautupa, ukagonga ubao, ukaingia. Sabini na nne kwa sabini na tatu. Huo ulikuwa msaada mwema, wala hakuna aliyehitaji kuuelezwa.

Kesho yake, tarehe 10 Machi, fainali iliwakutanisha na LSU, mabingwa wa taifa wa mwaka 2023. Zilipobaki dakika kama mbili, Flau'jae Johnson wa LSU alimfanyia MiLaysia Fulwiley kosa la makusudi. Wenzake Fulwiley wakamkabili, yeye akampiga mmoja kikumbo, ndipo Cardoso akaja kwa kasi akamsukuma hadi sakafuni. Wachezaji wa akiba wa pande zote mbili wakaacha viti vyao. Mtu mmoja kutoka kwa watazamaji akaruka meza ya waamuzi na kuingia uwanjani, akakamatwa na polisi. Cardoso akatolewa, na pamoja naye wengine waliotoka kwenye benchi.

Tutazame vema: karibu kila mmoja wa hao alidhani anasaidia. Cardoso alimtetea mwenzake. Wa akiba walikwenda kuwatetea wenzao. Hata mtazamaji yule alikuja kumtetea mtu wake. Lakini jumla ya misaada hiyo yote ilikuwa nini? Timu zilipungukiwa wachezaji, fainali ilichafuka, na binti aliyesukumwa hakupata haki yoyote kutoka kwa waliomkimbilia. Wahenga walisema hasira ni hasara, na hapa hasara ilihesabika.

Wako waliosema kwamba aibu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu waliogombana ni wasichana. Siwaungi mkono. Wavulana wanapopigana uwanjani twasema damu yao inachemka, twacheka, twasahau. Wasichana wakifanya vilevile twataka waache kucheza kabisa. Kosa lina uzito mmoja. Anayewadai wasichana upole ambao hawadai wavulana halindi heshima ya mchezo, bali anatafuta sababu ya kuwafungia uwanja.

Basi msaada mwema ulikuwa wapi? Nauona mahali patatu. Kwanza, kwa wachezaji waliobaki: walimaliza mchezo kwa utulivu, wakashinda 79 kwa 72, na Fulwiley, aliyekuwa mwaka wake wa kwanza chuoni, akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Pili, kwa kocha Dawn Staley. Alipohojiwa pale pale uwanjani baada ya ushindi, aliomba radhi kwa ajili ya timu yake kabla ya kushangilia kikombe. Hakusema kwamba walianza wale. Tatu, kwa kanuni yenyewe: Cardoso aliomba radhi hadharani siku ile ile, lakini radhi haikufuta adhabu. Mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa aliukosa.

Hapo ndipo vikundi vyetu hukosea mara nyingi. Ama twamsamehe mtu na kufuta adhabu, kwa kuwa ndiye mfungaji wetu na Jumapili ijayo kuna mchezo. Ama twamwadhibu na kumfukuza, jina lake lisitajwe tena. Adhabu ya Cardoso ilikuwa na mwanzo na mwisho. Alipoimaliza alirudi, na tarehe 7 Aprili South Carolina ilishinda ubingwa wa taifa dhidi ya Iowa kwa 87 kwa 75, ikikamilisha msimu wa michezo 38 bila kushindwa. Cardoso alichaguliwa mchezaji bora wa hatua hiyo ya mwisho. Siku nane baadaye timu ya Chicago Sky ilimchagua yeye pamoja na Angel Reese, nyota wa LSU ile ile. Waliosimama pande mbili za ugomvi wakavaa jezi moja.

Vijana wapendwa, kabla ya mchezo wenu ujao kaeni pamoja mkubaliane mambo machache. Aliye benchini asivuke mstari, hata ndugu yake akiangushwa. Nahodha ndiye azungumze na mwamuzi. Aliye karibu na mwenye hasira amshike yeye, asimkimbilie mpinzani. Na atakayekosa aombe radhi, atumikie adhabu yake yote, kisha apokewe bila masimango. Mwenzako anapochokozwa, mwondoe kwenye ugomvi. Msaada wa namna hiyo hatalazimika kuulipia kesho yake.